Timu ya shule au klabu ya kusafiri: binti wa softboli achague ipi?

Kwa binti anayecheza softboli, mchezo unaofanana na besiboli, nchini Marekani na kutamani kuendelea nayo chuoni, swali hili huja mapema.

Timu ya shule ina gharama nafuu, na raha yake haina mfano: majirani kwenye viti vya kukunja, wenzake wa darasani wakilitaja jina lake. Lakini katika majimbo mengi msimu wa shule ni majira ya machipuko, wakati uleule vyuo navyo viko uwanjani. Kocha wa chuo ataitoa wapi nafasi ya kuja kumtazama?

Klabu, yaani timu ya nje ya shule inayosafiri kwenye mashindano, hutamba kiangazi. Hapo makocha wa vyuo hukaa nyuma ya wavu, daftari mapajani, kifaa cha kupimia kasi mkononi. Mrushaji yuko futi 43 kutoka kwa mpigaji, mkono unazunguka, mpira unachomoka usawa wa nyonga. Kwa siku moja kocha anaona timu kadhaa. Kwa anayelenga Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mimi naipa klabu uzito zaidi.

Ila fedha jamani! Ada, hoteli, petroli, wikendi za familia nzima.

Tena msikimbilie. Tangu 2018, makocha wa daraja hilo hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kumzungusha mtoto wa miaka 10 majimbo ya mbali kwa ajili ya chuo ni kumchosha bure, na bega lake bado linakua.