Ollantaytambo: lala mjini, usije na basi la kupita

Ukifika Cusco, Peru, utauziwa ziara ya kutwa ya Bonde Takatifu, miji yenye magofu ya Wainka: Pisac, Ollantaytambo, Chinchero, mbio mbio. Ollantaytambo naipa nyota tano. Ziara yenyewe, mbili. Watu wanashushwa jua la utosi, wanapanda ngazi wakihema, na wakifika juu mwongozaji keshaanza kutazama saa.

Mimi nilipanda kibasi cha abiria kutoka Cusco, chini ya saa mbili, nikalala mjini. Mapafu yalishukuru: Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, huku ni kama 2,800, na sisi wa pwani tofauti hiyo tunaisikia kichwani. Geti la magofu hufunguliwa saa moja asubuhi, kabla mabasi hayajafika.

Matuta ya kilimo ndiyo yaliyonikalisha. Kuta zimeegemea kidogo upande wa mlima ili uzito wa udongo usizisukume nje. Nyuma yake Wainka walipanga mawe, kokoto, mchanga, kisha udongo wa kulimia, mvua ichuje taratibu badala ya kubomoa. Mchana mawe yanashika joto la jua, usiku yanalitoa, mazao yasiunguzwe na baridi kali. Mtu wa Lushoto au Machakos atakaa hapo zaidi kuliko mtalii yeyote wa Ulaya.

Hapa ndipo, katika maasi yaliyoanza mwaka 1536, mfalme wa Wainka Manco Inca alipomrudisha nyuma kamanda wa Wahispania, Hernando Pizarro. Wapiganaji wa Manco walishambulia kutoka matutani, wakageuza maji ya mto yakafurika uwandani, farasi wa Wahispania wakakwama. Ukisimama juu na kutazama chini huhitaji kuelezwa zaidi.

Kileleni kuna majabali sita ya rangi ya waridi, yamesimamishwa bega kwa bega. Yalitolewa Cachicata, ng'ambo ya mto Urubamba, kwenye mlima mwingine kabisa! Kazi haikuisha, mengine hadi leo yamelala njiani.

Kasoro ni tiketi. Hawauzi ya Ollantaytambo peke yake. Nililipa soli 130 (fedha ya Peru) za boleto turístico, tiketi ya pamoja ya siku 10, vivutio vingi ambavyo nusu yake sikuvihitaji. Ipo ya soli 70 ya bonde tu, lakini ni ya siku 2. Mabango ya maelezo ni haba, kwa hiyo elewana bei na mwongozaji pale getini kabla hamjaanza kupanda. Kivuli hakuna. Mwenye goti bovu aishie matuta ya chini, bado ataona mengi.

Maghala ya kale ya Pinkuylluna, mlima wa upande wa pili, ni bure. Njia ni nyembamba na ina mwinuko mkali, mvua ikinyesha usijaribu, lakini ni kutoka huko tu utakapoyaona matuta yote kwa pamoja.

Treni za Machu Picchu nyingi zinaanzia hapa, kwa hiyo kata tiketi ya asubuhi, na chumba tafuta mbali na barabara ya stesheni: magari hayalali.