Likizo ya ufukweni Zanzibar: chagua pwani kwanza, hoteli baadaye

Mara ya kwanza nilipompeleka mama mkwe Zanzibar, nililipia siku nne kwenye hoteli ya pwani ya mashariki kwa sababu ya picha moja tu: maji ya samawati yanayogusa ngazi za baa. Tulifika usiku. Kesho yake saa nne asubuhi akatoka na kanga yake begani, akasimama barazani, kisha akarudi kuniuliza, "Baba, hiyo bahari yenyewe iko wapi?"

Ilikuwa imekwenda zake. Mbele yetu ulitanda mchanga, madimbwi, vigingi vya mwani, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mwambani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anavuna mwani akatuonea huruma: "Bamvua hilo, mwanangu. Ngojeni alasiri."

Hoteli haikunidanganya. Picha ilipigwa maji yamejaa, na mimi mtu wa bara sikuuliza. Tangu siku hiyo, rafiki akinitumia orodha ya hoteli anitake ushauri, namrudisha nyuma hatua moja. Kitanda kizuri utakipata kila upande wa Unguja. Bahari ya kuogelea mchana kutwa huipati kila upande.

Kwanza, soma mwezi

Bahari ya Zanzibar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya kina wakati wa bamvua, zile siku maji yanapopwa na kujaa kuliko kawaida, hukaribia mita 4. Kaskazini, ambako ufukwe unashuka haraka, tofauti hiyo haikusumbui sana. Mashariki, ambako sakafu ya bahari ni tambarare hadi mwambani, maji yakipwa unatembea kwa miguu mahali ulipoogelea jana.

Wavuvi hawahitaji programu ya simu kulijua hili. Wanahesabu mwezi, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu. Kuanzia mwezi mosi mpaka kama mwezi nne, kisha kumi na tano mpaka kumi na nane, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hurudi kujaa saa kumi jioni. Mwezi ukiwa saba au nane, na tena ishirini na mbili hivi, ni maji mafu. Bahari haiendi mbali wala haijai sana. Kama moyo wako uko mashariki na una watoto wanaotaka kuogelea asubuhi, panga safari iangukie maji mafu. Ushauri huu haukugharimu senti, na unazidi nyota mbili za hoteli.

Jambo la pili ni upepo. Kusi hukaza Juni hadi Agosti na huzipiga usoni fukwe za mashariki. Kaskazi hutawala Desemba hadi Februari, joto likiwa kali. Masika, hasa Aprili na Mei, bei hushuka na hoteli kadhaa hufunga kabisa kwa matengenezo. Ukizipata bei za Mei, uliza pia ni mikahawa mingapi ya jirani itakuwa wazi.

1. Kendwa

Kama unakwenda mara ya kwanza na familia, mjadala kwangu umekwisha: Kendwa. Ufukwe unatazama magharibi, umejikinga na kusi, maji hayaondoki sana, na jua linazama baharini mbele ya kiti chako. Mchanga ni mpana, watoto wanachimba, wazee wanatembea bila kukanyaga mawe. Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hesabu zaidi ya saa moja kwa gari.

Ila uliza tarehe. Mwezi mpevu huko una disko la ufukweni linalokesha, na ukuta wa chumba hauzuii besi. Ukiwa na mtoto mchanga, au mama mkwe, usikubali chumba cha upande wa muziki usiku huo hata kwa punguzo.

Nungwi ni pua na mdomo na Kendwa, bahari ni ileile, ila kuna watu zaidi na makelele zaidi. Faida yake ni kwamba inafaa mifuko yote: kuna hoteli za kifahari na kuna gesti za kawaida, na daladala namba 116 inakufikisha kutoka mjini kwa hela ndogo. Mafundi bado wanaunda majahazi pwani kwa mkono, na Mnarani kuna bwawa la kasa. Kero yake ni mapapasi. Watakusindikiza ufukwe mzima wakikuuzia safari ya boti, viungo na miwani. Msalimie, mjibu "sihitaji, ahsante" mara moja, endelea na safari yako. Ukianza kueleza kwa nini huhitaji, umeshakwisha.

2. Jambiani, na Paje kwa vijana

Unaweza kushangaa kuona nafasi ya pili nimeipa pwani ile ile ya mashariki iliyonifedhehesha. Ni kwa sababu sasa najua ninachonunua. Jambiani ni kijiji chenye hoteli ndani yake, si hoteli yenye kijiji nyuma ya ukuta. Nyingi ni ndogo, vyumba kumi au ishirini, na mwenyeji anakujua kwa jina siku ya pili. Maji yakipwa unavaa viatu vya mpira (wale wanyama weusi wa miiba hawana mzaha) na kutembea hadi kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza hapa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho wanawake ndio wenye nacho. Watoto wangu walimkumbuka pweza waliyemwona akijificha kwenye dimbwi kuliko bwawa la hoteli. Ukiwa na siku moja ya ziada, msitu wa Jozani na kima punju wake uko njiani kurudi mjini.

Paje, kilomita chache kaskazini, ni ya vijana na ya wanaopaa kwa tiara za baharini. Kusi inayomchosha muogeleaji ndiyo wanayoifuata wao. Kama hupendi kuinamisha kichwa kukwepa kamba, kaa Jambiani uje Paje kwa chakula cha jioni.

3. Matemwe

Kwa fungate, au kwa mtu anayetaka kuogelea kwa miwani na mrija. Kisiwa cha Mnemba kiko mbele yako, na boti za asubuhi mapema kutoka hapa hutangulia zile zinazotoka Nungwi. Maji hupwa kama Jambiani. Usiku ni kimya kabisa, na migahawa ya nje ni michache, kwa hiyo lipia na chakula cha jioni.

4. Kiwengwa

Hapa ndipo kwenye hoteli kubwa za kila kitu ndani: chakula, vinywaji, michezo ya watoto, bangili mkononi. Waitaliano wengi huzipenda. Nimeiweka ya nne si kwa ubaya wa ufukwe, ni kwa hesabu. Ukilipia kila kitu ndani unajifunga ukutani. Ukitoka kwenda kula Forodhani mjini au kula samaki wa kukaanga kijijini, unalipa mara mbili. Mpango huo una maana kwa mtu wa aina moja: mwenye watoto watatu wanaoomba juisi kila nusu saa na asiyetaka kutoka. Kwingine kote, hasa Nungwi na Paje, lipia kulala na kifungua kinywa tu. Na kabla hujakubali, uliza vinywaji vipi vimo ndani ya "kila kitu" na mwisho wake saa ngapi. Mara nyingi orodha ni fupi kuliko jina.

Nje ya orodha: Mafia na Pemba

Mafia siipangi na hizi kwa sababu hupelekwi huko na mchanga. Unakwenda kumwona papa potwe, anayekuja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995. Hoteli za Utende ziko ndani ya hifadhi, hivyo kiingilio cha kila siku kinakaa juu ya bei ya chumba. Pemba ni ya kijani, yenye vilima na mikarafuu, na hoteli zake ni chache. Ufukwe wa Vumawimbi unaweza kuwa wako peke yako. Safari ya pili au ya tatu, si ya kwanza.

Pesa

Kama wewe ni Mtanzania au unaishi nchini, uliza bei ya mkaazi kabla hujauliza lolote. Hoteli nyingi wanayo na hawaitangazi, na tofauti inaweza kufikia bei ya usiku mzima. Wataomba kitambulisho siku ya kufika. Uliza pia tozo ya miundombinu, inayohesabiwa kwa kila mtu kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona na unadaiwa mapokezi. Wageni kutoka nje wana bima ya lazima ya Zanzibar juu ya hapo: ilipoanza Oktoba 2024 iliwekwa dola 44 kwa mtu mzima.

Soma maneno ya chumba taratibu. Chumba "cha kutazama bahari" kinaweza kuitazama kupitia mnazi na paa la jirani. Kilicho "mbele ya bahari" ndicho unachokidhania. Chumba cha bustani, kwa pwani hizi zenye hewa, kwangu kinatosha, na tofauti ya bei nailipia boti ya Mnemba.

Ramadhani hoteli hukupikia mchana kama kawaida, lakini migahawa ya vijijini mingi hufungwa na si adabu kula njiani. Jioni ya futari, kwa upande wangu, ndiyo chakula kizuri kuliko chochote utakachouziwa mwaka mzima.

Arbuni usiitume kwa akaunti ya mtu binafsi uliyemkuta kwenye picha za mtandaoni. Piga simu ya mapokezi ya hoteli, kisha watumie ujumbe huu kabla ya kulipa: "Naomba picha ya ufukwe wenu ya leo saa nne asubuhi, na nyingine ya saa kumi jioni. Na bei ya mkaazi, tozo zote zikiwa ndani." Wanaojibu siku hiyo hiyo na picha zote mbili ndio ninaowalipa.