Miezi miwili na programu ya kuhesabu kalori: mawese yameniumbua

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Nina miaka 41, urefu sentimita 160, na siku napakua programu hii kwenye simu nilikuwa na kilo 82.

Hesabu ya mahitaji ya siku iko sawa, maana niliirudia mwenyewe kwa kalamu. Kanuni yake ni ile ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, na kwa mwanamke toa tena 161. Kwangu ikaja 1,454, yaani kalori ambazo mwili unazila hata ukilala kutwa. Kisha unazidisha kwa kiwango cha shughuli, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nikabonyeza "wastani", 1.55. Fundi gani atakubali kuwa hafanyi kazi? Nikapewa 2,254. Wiki tatu mzani haukutikisika. Ukweli ni kwamba cherehani yangu ni ya umeme. Kinachochoka ni mgongo na macho. Nilipochagua 1.2 ikashuka hadi 1,745. Kumbe kalori kama 500 nilikuwa najipa bure kila siku.

Kuandika chakula ndiko kunakochosha. Wali upo, chapati ipo, ila mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, hayumo, na ugali wanaoujua ni wa mahindi tu. Ikabidi ninunue mzani mdogo wa jikoni, niwe napima unga wa muhogo kabla ya kusonga. Mama mkwe alinikuta akauliza, "Mwanangu, unapika au unauza unga?"

Samaki hana neno. Jioni moja nikapima mawese kwa kijiko badala ya kumimina kwa macho: vijiko tisa vya mezani, sufuria ya watu wanne. Kijiko kimoja ni kama kalori 120, kwa hiyo kila sahani ilibeba 270 za mafuta peke yake, na mimi siku zote naandika "samaki wa mchuzi" nikijiona nimekula kidogo. Sasa naweka vinne. Watoto walinuna siku mbili.

Kero nyingine ni matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, yanamaliza bando. Na kama una mimba au unanyonyesha, namba ya kalori inayokupa programu si yako, muulize nesi kliniki.

Leo nina kilo 79 na nusu. Nyota tatu. Ya nne nitaitoa siku nitakapomkuta mgebuka humo bila kumwingiza mimi.