Risasi Ndiyo Pesa: Uzoefu Wangu na Metro 2033 Redux

Nianze na kitufe kimoja tu. Katika gemu hii kuna kitufe cha kupangusa kioo cha barakoa. Umetoka chini ya ardhi, uko juu kwenye mitaa ya Moscow iliyokufa, theluji inaanguka na hewa ni sumu. Zimwi linakurukia, unalifyatulia risasi likiwa usoni pako, damu inatapakaa kwenye kioo na ghafla huoni mbele. Unabonyeza. Mkono wa kushoto wenye glavu unainuka, unapita juu ya kioo mara moja, na njia inaonekana tena. Siku ya kwanza nililiona jambo hilo kama pambo. Kufika wiki ya pili kidole changu kilikuwa kinabonyeza chenyewe, na mpwa wangu aliyekaa kitandani nyuma yangu alikuwa akipiga kelele, "Anko, pangusa! Pangusa kwanza!"

Wengi wanaopenda gemu za dunia iliyoteketea huzipima kwa wingi wa bunduki na ukubwa wa mazimwi. Mimi nazipima kwa kile zinachonifanya nikitunze. Gemu ikinipa risasi bila hesabu, baada ya saa moja nasinzia. Ikinipa risasi tisa, tochi inayofifia na pumzi ya dakika mbili, hapo siwezi hata kuinuka kuzima jiko.

Mimi ni fundi wa simu. Meza yangu iko Luthuli Avenue na chumba changu kiko Pipeline, Embakasi. Kompyuta ninayochezea niliiunga mwenyewe kwa vipande vya mtumba, kimoja kimoja, kwa muda wa karibu mwaka. Mara ya kwanza kuigusa Metro 2033 nilikuwa nimeuziwa diski ya kunakili katika duka fulani mjini. Ilifika katikati ya hadithi ikaganda, na kila nilipoianzisha upya iliganda palepale. Niliporudi dukani nikaambiwa kosa ni la kompyuta yangu. Iliniuma, kwa sababu hadithi ilikuwa imeshanishika. Baadaye nikasubiri msimu wa punguzo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, nikalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, nikaipata nakala halali ambayo haijawahi kuniangusha hata siku moja. Sio nzito kama gemu za sasa, kwa hiyo hata mwenye mashine ya kawaida na bando la kubana ataimudu.

Walioitengeneza ni 4A Games, studio iliyoanzia Kyiv, Ukraine. Baadhi ya waanzilishi wake walikuwa wametoka katika studio iliyounda S.T.A.L.K.E.R., gemu nyingine ya dunia iliyoharibika, na ukishacheza zote mbili utauona undugu huo: ukimya, kutu, na watu wanaoota moto wakisimuliana. Gemu ya kwanza ilitoka 2010, na hii ya Redux, iliyofanyiwa ukarabati wa mwanga, sura za watu na uchezaji wenyewe, ikatoka 2014. Kisa chake ni hiki. Vita vya nyuklia viliangamiza dunia mwaka 2013. Wakazi wa Moscow waliowahi kukimbilia kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi ndio waliopona, na miaka 20 baadaye bado wako humo, wanalima uyoga, wanafuga nguruwe, na kila stesheni imekuwa kama nchi. Wewe ni kijana Artyom, na unatumwa kuvuka mahandaki hadi stesheni ya Polis kuomba msaada kabla stesheni yenu haijamezwa.

Reli ile ipo kweli. Ilifunguliwa 1935, na stesheni yake ya Park Pobedy iko karibu mita 84 chini ya ardhi. Ukitaka kupata picha, chukua sehemu kubwa ya jengo la KICC uizamishe udongoni. Nilipolijua hilo niliacha kuuliza kwa nini watu walipona humo.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapa ndipo gemu hii iliponiteka. Huko chini noti hazina kazi. Pesa ni risasi zile nzuri za kijeshi zilizobaki tangu kabla ya vita. Risasi za kawaida hutengenezwa stesheni, ni chafu na nguvu yake ni ndogo. Zile za kijeshi zinang'aa na zinaua haraka zaidi, na unaweza kuziweka kwenye bunduki wakati wowote. Elewa hapo: kila ukifyatua, unatupa pesa. Kuna usiku nilikuwa nimezingirwa kwenye handaki, risasi za kawaida zimeisha, na mfukoni nina zile nzuri kama arobaini nilizokuwa nimezilimbikiza kwa ajili ya darubini ya bunduki. Nilisikia uchungu kabisa kuzipakia. Nimewahi kuvunja akiba ya kodi ya nyumba kumpeleka mtu hospitali, na uchungu ulikuwa wa aina hiyohiyo: unajua huna njia nyingine, na bado mkono unasita.

Ukiingia sokoni kwenye stesheni na mfuko umekauka, utapita ukitazama tu. Mkono mtupu haulambwi, hata chini ya ardhi.

Halafu kuna bunduki zenyewe. Mtu aliyewahi kusimama Kamukunji akatazama mafundi wa jua kali wakigeuza mapipa kuwa masanduku na majiko atazipenda papo hapo. Nyingi ni za kuungaunga. Kuna moja inaitwa Tikhar ambayo haitumii baruti. Inatumia hewa, na inarusha gololi za chuma. Lazima uipige pampu kwa mkono kabla ya kutumia, na ina geji ndogo ubavuni ya kuonyesha shinikizo. Ukiipiga vizuri, gololi inapita kimya na adui anaanguka bila mwenzake kusikia. Ukisahau kuipiga, gololi inatoka imelegea, na umejitia mashakani. Nilikuwa nainamisha kichwa karibu na skrini kutazama welding na vishikizo vyake, kama ninavyotazama ubao wa simu uliopita kwa fundi mwingine kabla yangu. Aliyeichora alifikiria ingeundwaje, na kwa chuma gani.

Saa ya mkononi ni kifaa kingine ninachokisifu. Inahesabu muda uliobaki kwenye kichujio cha barakoa, na ina taa ndogo ya kukuonya kama uko mahali penye mwanga unapoweza kuonekana. Kwa hiyo hutazami namba zilizobandikwa pembeni mwa skrini. Unatazama mkono wako, kama mtu. Kichujio kikikaribia kuisha pumzi ya Artyom inakuwa nzito, unaisikia kifuani mwako, na barakoa ikipigwa inapata nyufa hadi utafute nyingine, mara nyingi kwa kumvua marehemu. Mimi huvaa hedifoni, na zaidi ya mara moja nimejikuta nimebana pumzi pamoja naye.

Tochi nayo inakufa. Unatoa dainamo ndogo, unaiminya kwa mkono, kri-kri-kri, na mwanga unapanda taratibu. Jioni moja nilikuwa katikati ya kuiminya stima zikapotea ploti nzima. Skrini nyeusi, chumba cheusi, na kutoka ngazini sauti za majirani wakiulizana kama ni kwetu tu au ni mtaa mzima. Mpwa wangu akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni. Stima ziliporudi nikakuta nimerudishwa nyuma sana, kwa kuwa gemu hii hujihifadhi yenyewe mahali ilipopanga, na huwezi kuihifadhi unapotaka. Hilo ni dosari kwa yeyote anayeishi mahali ambapo umeme hauaminiki. Usianze sura ndefu usiku wa mvua.

Sura iliyonikaa zaidi ni ya Maktaba, ileile ambapo diski ya zamani ilikuwa inaganda. Ni ile Maktaba ya Lenin ya Moscow, kubwa mno, imebomoka, vumbi linaelea kwenye miale michache ya mwanga. Humo wanaishi viumbe wanaoitwa Wakutubi, wakubwa kama sokwe, ngozi ya kijivu. Ukiwafyatulia risasi utazimaliza zote na bado atakuja. Siri yake ni kumtazama. Anakuja, anasimama mbele yako, anapumua, nawe unamkazia macho huku unarudi nyuma hatua kwa hatua. Ukigeuka tu, umekwisha. Nilisimama pale kipanya kimeloa jasho, bunduki mkononi na sitakiwi kuitumia, nasubiri kiumbe kile kiamue kwamba mimi si adui. Kiligeuka kikaenda zake. Gemu ya kupiga risasi iliyonifundisha kutopiga, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko mahali pengine popote.

Kuna mahali pengine unamkuta mtoto, Sasha, gizani kando ya maiti. Unambeba mgongoni. Hapo kila kitu kinabadilika: bunduki inayumba kwa sababu ya uzito wake, mwendo unapungua, na yeye kwa sauti yake nyembamba anakuonya mazimwi yanatokea upande gani. Ukimfikisha kwa mama yake, mama anakupa risasi nzuri kama shukrani. Unaweza kuzichukua au kuzikataa. Nilikuwa karibu sina kitu, na nilizikataa.

"Anko, mbona umekataa? Si ulikuwa unazihitaji?" mpwa wangu akaniuliza.

Nikamwambia yule mama ana mtoto wa kulisha. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini kule mbele usije ukalia."

Kumbe gemu inaweka hesabu ya mambo hayo bila kukuonyesha. Ukimpa maskini risasi moja, ukimwacha hai adui aliyejisalimisha, ukisimama kusikiliza watu wanavyozungumza, yote yanaandikwa mahali, na yanaamua mwisho gani utafunguliwa mlango wake. Sitaueleza mwisho wenyewe. Niseme tu kwamba mara ya kwanza niliupata ule wa kawaida, nikakaa kimya kitandani, na kesho yake nikaanza upya. Mara ya pili nilitembea stesheni polepole. Nilisikiliza wazee wakibishana, mtu akipiga gitaa, watoto wakiuliza jua likoje. Nakushauri uchague sauti za Kirusi na maandishi ya Kiingereza chini. Sijui Kirusi hata neno, lakini vilio na vicheko vyao vinakuja na uzito ambao sauti za Kiingereza hazina.

Kuna yanayonikera pia. Artyom husimulia vizuri wakati sura mpya inapakiwa, lakini ukiwa ndani ya mchezo hasemi kitu, hata akiulizwa swali uso kwa uso, na inachosha. Maadui binadamu nao wakati mwingine ni vipofu kupita kiasi. Unazima balbu moja karibu na mlinzi na yeye anaendelea kuota moto. Tena kuna mapigano mawili matatu ya mazimwi yanayomiminika wimbi baada ya wimbi ambayo yangepunguzwa nusu bila hasara yoyote.

Ukianza, utaulizwa uchague kati ya Spartan na Survival. Chagua Survival. Spartan inakupa risasi nyingi na kila nilichokisifu hapa kinayeyuka. Ukishaizoea kuna Ranger, ambayo inaondoa alama zote kwenye skrini.

Last Light, inayofuata hadithi hii, nimeimaliza pia. Ni nzuri, hasa kwenye mapango ya buibui wanaoungua kwa mwanga wa tochi, hapo dainamo inakuwa silaha. Metro Exodus ya 2019 inakutoa chini ya ardhi kabisa, mnasafiri kwa treni inayoitwa Aurora kupita Volga hadi kwenye jangwa la Kaspi. Bunduki zinachafuka na lazima uzisafishe, na kwa fundi hiyo ni raha tupu. Lakini risasi sio pesa tena, unajitengenezea kwa vyuma na kemikali unavyookota, na mimi nilikosa ule uchungu wa kufyatua.

Siku hizi kiti kimechukuliwa. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, ana miaka 19, anasubiri kuingia chuo cha ufundi, na ameamua kuimaliza kwa Ranger. Jana usiku alikuwa juu, kwenye theluji, kichujio cha mwisho, kioo chekundu chote. Nilikuwa nimelala upande wa ukuta nikijaribu kupata usingizi wa kazi ya asubuhi. Nikajikuta nimeketi.

"Pangusa," nikamwambia.