Zana za admini wa WhatsApp kwa makundi ya mtaa Malindi: zipi zinafaa, zipi zinaumiza

Kundi la mtaa, liwe la Muyeye, Barani au Maweni, hubeba malalamiko ya maji na taka, na humo humo hupita neno linaloweza kumwua mzee. Katika Kaunti ya Kilifi, uliko mji wa Malindi, kumwita mtu mchawi si tusi la kupita. Wazee wameuawa kwa neno hilo, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba ambalo jamaa wanalimezea mate. Kwa hiyo zana hizi tumezipima kwa swali moja: je, zinaliondoa neno hilo bila kuwaziba wengine midomo?

Iliyo bora ni kufuta ujumbe mmoja. Admini hushikilia ujumbe, hugusa alama ya pipa, kisha huchagua ufutwe kwa wote. Kundi huonyeshwa ni admini gani aliyefuta, na huo ni uwazi mzuri. Kinachokosekana ni nafasi ya kueleza sababu, kwa hiyo iandikwe papo hapo: “Ujumbe umeondolewa kwa kuwa unamtaja mtu kuwa mchawi. Habari ya mpaka wa shamba iendelee.” Bila maelezo hayo, watu hudhani shamba ndilo lililokatazwa kuzungumzwa. Kazi hiyo ifanywe mapema, maana chaguo la kufuta kwa wote lina muda wake.

Lakini kabla ya kufuta, hifadhi ushahidi. Hapa ndipo makundi mengi hukosea: ujumbe ukishafutwa, mzee aliyetajwa hubaki mikono mitupu mbele ya polisi. Piga skrinishoti (picha ya skrini) inayoonyesha nambari ya mtumaji, tarehe na saa, pamoja na jumbe za kabla na baada. Kwa ujumbe wa sauti picha haitoshi. Hifadhi faili lenyewe. Angalia pia kama faragha ya juu ya mazungumzo (“Advanced chat privacy” katika mipangilio ya kundi), iliyoletwa 2025, imewashwa, kwani huzuia kuyatoa mazungumzo nje ya kundi. Mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai cheti kinachoeleza nakala ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Ni vyema aliyepiga picha awe ndiye anayeichapa kwenye karatasi.

Kitufe cha kuripoti ni cha wastani. Ukiripoti kundi zima, WhatsApp hupokea jumbe tano za mwisho. Kundi likichangamka, tano hizo huenda zikawa salamu na rambirambi tupu. Shikilia ujumbe wenyewe na uuripoti huo. Mtumaji haambiwi, na hilo linamlinda anayeripoti. Hata hivyo kampuni yaweza kufunga akaunti tu. Haimfikishii chifu habari.

Alama ya “umesambazwa mara nyingi” kwenye ujumbe husaidia kidogo. Tangu 2020 ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Ila mtu akiurekodi upya kwa sauti yake mwenyewe, alama hupotea.

Chaguo la kuruhusu maadmini pekee kuandika tunalikataa kabisa kama dawa ya chuki. Huadhibu mamia kwa kosa la mmoja, na wa kwanza kunyamaza ni wale wasio na njia nyingine ya kumfikia mwakilishi wa wadi. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kujieleza na kuondoa humo uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Ibara ya 57 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kumkosoa kiongozi hakumo katika makatazo hayo, na tangu 2017 Mahakama Kuu ilipobatilisha kosa la jinai la kukashifu, admini hana sababu ya kufuta lawama dhidi ya mkubwa kwa hofu ya kosa hilo. Madai ya kawaida ya fidia bado yapo.

Kwa tuhuma za uchawi, mpaka umechorwa tangu 1925. Sheria ya Uchawi, kifungu cha 6, inafanya kumshutumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miaka 5, lakini haimgusi anayepeleka shutuma kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Kwa hiyo mwenye shaka ana pa kwenda, wala hajanyang'anywa ulimi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, inayotajwa sana, haitoshi hapa: kifungu chake cha 13 kinahusu chuki ya kikabila, na hapa anayeshutumu na anayeshutumiwa mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja.

Kundi liwe na maadmini wasiopungua watatu, wa koo tofauti, mmoja wao mwanamke. Anayetajwa au anayetaja akiwa jamaa ya admini, uamuzi wa kufuta aachiwe mwingine.