Vitamini C ya msimu wa mafua: angalia kifuniko kabla ya miligramu

Kila msimu wa mafua naletewa picha za vidonge vya vitamini C vyenye madoa ya kahawia, na swali ni lile lile, dada hii bado inafaa? Haifai, unyevu umeshaingia. Na msinitajie tarehe ya kwisha muda, ile inahesabu kopo ambalo halijafunguliwa, ukishafungua hesabu nyingine inaanza na hiyo hakuna aliyekuandikia.

Tuelewane kwanza unanunua nini. Kwa watu wa kawaida vitamini C haizuii mafua. Uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ule wa Hemilä na Chalker, ulikusanya majaribio 29 yenye watu zaidi ya 11,000, ikaonekana wanaokunywa kila siku wanashikwa na mafua sawa tu na wasiokunywa, ila wanapona mapema kidogo, watu wazima muda unapungua kama asilimia 8 na watoto 14. Kwa mafua ya wiki nzima hiyo 8 ni kama nusu siku, basi. Waliofaidi kweli ni wakimbiaji wa marathoni, wanajeshi wa mazoezi ya baridi kali na watelezaji wa theluji, hao uwezekano wa kuugua ulipungua nusu. Ukianza kumeza pua imeshaanza kuchuruzika umechelewa, hapo faida ya kueleweka haijaonekana.

Sasa ona, faida yenyewe ndogo ipo kwenye kunywa kila siku, maana yake kopo lako litafunguliwa kila siku, na kila ukifungua hewa yenye unyevu inaingia na ukifunga unaifungia humo humo na vidonge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walilionyesha hili mwaka 2010, unyevu wa jikoni na bafuni unaharibu vitamini C hata ikiwa kwenye chupa iliyofunikwa. Halafu watu wanabishana miligramu 500 au 1000!

Namba moja kwangu ni Redoxon ya povu, vile vidonge vya kudondosha kwenye maji, na ndiyo, naipendelea, semeni mnavyotaka. Ipo tangu 1934 enzi za kampuni ya dawa ya Roche, sasa hivi ni ya kampuni ya Bayer. Tyubu ni nyembamba, vidonge vichache so vinaisha kabla havijachoka, na ndani ya kifuniko kuna chembechembe za kunyonya unyevu, ukiitikisa unazisikia. Kidonge kizima ukikidondosha kwenye maji kinachemka palepale mpaka kinapanda juu. Kilichoingia unyevu kimeshamaliza povu lake ndani ya tyubu, kinakaa chini kimelala na vipovu viwili vitatu, pembeni kinamomonyoka. Kasoro yake ni sodiamu, kwa sababu povu linatoka kwenye baikaboneti ya sodiamu ikikutana na asidi ya sitriki, so mwenye presha aachane nayo. Na miligramu 1000 ni nyingi, kiwango cha Marekani cha kwa siku ni 90 kwa mwanaume na 75 kwa mwanamke, ukizidisha gramu moja mwili unachukua chini ya nusu. Usivuke 2000 kwa siku, utaharisha, na wanaume hasa waogope mawe kwenye figo.

Ya pili ni vya kumeza vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya alumini. Wapo watakaosema hivi ndo vingekuwa vya kwanza na kwa hoja ya unyevu wana haki, ila mimi nisichokifurahia sikinywi kila siku, ndo nilivyo.

Tatu unga wa vipakiti kama Emergen-C, kila dozi na pakiti yake, safi, ila soma sukari.

Vya jeli na vya kutafuna nimevishusha chini kabisa, vinaganda kwenye meno na asidi yake. Makopo makubwa ya vidonge mamia sitaki hata kuyasikia, familia nzima inachovya mikono humo, mwingine katoka kunawa.

Vile vyeupe vya bei chee? Asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, ni ile ile, chukua chupa ndogo.

Kinachonikera ni bei za maneno. Wauzaji wakiandika "ya asili" bei inapanda, wakati molekuli ni moja na mwili hauulizi imetoka kwenye tunda au kiwandani. Mwaka 2020 FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, iliwaandikia barua za onyo wauzaji waliokuwa wananadi dripu za vitamini C eti zinatibu korona. Mwaka uliofuata jaribio la hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani likawapa wagonjwa wa korona waliokuwa nyumbani gramu 8 kwa siku, dalili hazikuisha haraka kuliko kwa wengine. Bado mtu anakuuzia "kinga" kwa bei ya dawa.

Na wauzaji hawajui hata kutunza mali yao, tyubu zimepangwa dirishani zinapigwa jua. Kuna mmoja nilimuuliza vidonge vyake vina ukubwa gani, akapasua muhuri, akanimwagia kimoja kiganjani, akakirudisha, akafunika, akaiweka tyubu kwenye rafu na zenzie. Nikamwambia hiyo sasa utamuuzia nani? Akanijibu, si ina kifuniko. Kagueni muhuri kabla hamjatoa hela.