TAHADHARI: Kishoka wa "kuharakisha viza" hapa Kigoma. Mnaosubiri kwenda kusoma udaktari, someni kabla hamjatuma pesa

Ndugu zangu wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu hadi Kibondo, na hasa wadogo zangu mliopata nafasi za udaktari nje na bado mnasubiri viza: kuna mtu yuko hapa Mwanga anakusanya pasipoti na pesa za watu kwa ahadi ya kuharakisha viza ya China. Mimi kanilia shilingi 1,650,000, na pasipoti yangu aliikalia wiki tano. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi. Namna anavyofanya kazi nitaieleza yote, maana laini na jina anaweza kubadilisha kesho, ila mbinu yake ni hiyo hiyo.

Nilipata nafasi ya kusoma udaktari China, masomo yaanze Septemba. Barua ya chuo ilifika mapema. Kilichochelewa ni fomu ya JW202, ile ambayo mwanafunzi anayejilipia anatakiwa kuwa nayo pamoja na barua ya chuo ndipo aombe viza ya X1, yaani ya anayekwenda kusoma kwa zaidi ya siku 180. Fomu hiyo unaipata kupitia chuo chenyewe. Haitoki kwa wakala, wala ubalozi hauitoi. Ningelielewa hili vizuri mwezi wa saba, nisingekuwa naandika haya leo.

Mwezi wa saba ukaisha, wa nane ukaingia. Kila nikiamka, cha kwanza ni kufungua baruapepe. Kila anayekuja kununua mawese kwa mama anauliza, "Dokta bado hajaondoka?" Mama anajibu huku anatabasamu, mteja akishaondoka ananitazama bila kusema neno. Kwenye kundi letu la WhatsApp wenzangu wa vyuo vingine walishaanza kutuma picha za viza zao. Usiku silali, napiga hesabu ya siku zilizobaki. Mtu akiwa katika hali hiyo yuko tayari kumwamini yeyote atakayemwambia "mimi najua pa kupita".

Na sisi wa Kigoma tuna tatizo la umbali juu ya hayo. Hapa mjini tuna balozi ndogo za Burundi na Kongo. Ubalozi wa China uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 ukienda kwa reli. Kushuka Dar ni nauli, ni pa kulala, na ukiambiwa karatasi moja imepungua ndiyo uanze upya. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Nashuka Dar kila wiki, lete pasipoti nikupelekee," unaona kakuokoa. Huyu bwana alikuwa na sifa pia. Wafanyabiashara wa Kibirizi aliwahi kuwashughulikia karatasi za kwenda Bujumbura, na walisafiri salama. Ndiyo maana mjomba wangu alimwamini, akanipeleka kwake mwenyewe.

Ofisi yake ni meza moja ndani ya stesheneri. Ukutani kuna bendera ndogo ya China na picha za vijana wenye mabegi wakiwa uwanja wa ndege. "Karibu sana, dokta," akaniambia. Akachukua pasipoti, akaifungua ukurasa kwa ukurasa, akasema faili langu limekwama kwenye foleni ubalozini, ila ana mtu wake wa ndani atalisogeza. Nikashukuru moyoni kwamba nimempata mtu anayejua faili langu liliko. Faili lenyewe sikuwahi kulipeleka ubalozini! Lingekwamaje? Swali hilo halikunijia siku ile, na hata mjomba hakuliuliza.

Kwanza alitaka 350,000 ya kuharakisha. Wiki iliyofuata akasema inatakiwa 800,000 ya kuonesha salio benki, itarudishwa viza ikitoka. Hiyo mama aliipata kwa kuuza madumu yote ya mawese aliyokuwa ameyatunza akisubiri bei ipande. Mpaka leo pale sakafuni yalipopangwa kuna alama za duara za mafuta, kila nikifagia nazipita. Halafu ikaja 500,000 ya vipimo, wakati vipimo nilishafanya Maweni: damu, eksirei, moyo, na mhuri wa hospitali ukapigwa juu ya picha yangu kama fomu inavyotaka. Nilipomwambia hivyo akajibu, "Hivyo vya mkoani hawavipokei." Nikalipa.

Nilipokuwa natuma ile ya pili, jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nikasita. Akasema ni la mke wake, laini yake yeye imefikia kikomo cha siku. Linganisheni na nilivyolipia pasipoti Uhamiaji: shilingi 150,000, nilipewa kontroo namba na risiti nikapata. Kwake huyu hakukuwa na karatasi hata moja. Kila kitu ni "niamini dokta, tulia, mzigo uko ndani."

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, saa tatu usiku, akanitumia faili la PDF: viza yangu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Chini ya faili kaandika nitume 400,000 ya mwisho ndipo anipe pasipoti.

Nashukuru Mungu kwamba kabla ya kutafuta hiyo pesa nilimtumia dada mmoja wa hapa kwetu Gungu anayesoma mwaka wa nne kule, afurahi na mimi. Akanipigia papo hapo. "Mdogo wangu, usitume hata mia." Viza ya China ni stika, akaniambia, inabandikwa ndani ya pasipoti, na hiyo ya kwangu ilikuwa kipande cha picha tu. Akaniambia nitazame sehemu ya muda wa kukaa. Kwenye faili langu paliandikwa siku 365. Kwenye X1 huwa ni sifuri tatu, 000, kwa sababu muda haupangwi na viza: ukishaingia China una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na kibali hicho ndicho chenye muda. Hata picha ilikuwa ile niliyomtumia kwa WhatsApp, ya nyuma bluu, wakati wao wanataka nyuma nyeupe. Mama alikuwa bado anacheka na jirani nje. Kutoka kwenda kumwambia ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu.

Usiku ule ule nikaandika baruapepe kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo. Baada ya siku mbili wakajibu: fomu za kundi letu zilichelewa kutoka, wanaomba radhi, na atakayechelewa ataandikiwa barua yenye tarehe mpya ya kuripoti. Jibu la bure, lilikuwepo muda wote, nilikuwa sijauliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesubiri, anza na chuo. Waandikie, uliza mambo matatu: fomu yangu imetoka au bado, mwisho wa kuripoti ni lini, na nikichelewa mnanipa barua? Wakisema muda umepita, omba kuahirisha hadi mwaka unaofuata, na majibu yawe kwa maandishi. Tiketi ya ndege usikate kabla viza haijabandikwa. Kama ni lazima utumie wakala, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inasajili mawakala wanaopeleka wanafunzi vyuo vya nje, hakikisha kwao kwanza. Na hata aliyesajiliwa hana mamlaka ya kutoa viza wala ya kuisogeza. Anayeitoa ni ubalozi peke yake. Pasipoti ukimpa mtu yeyote aandike na kusaini kwamba kaipokea, tarehe gani, kwa kazi gani. Mimi sikuwa na ushahidi huo, na ndiyo maana alinisumbua.

Wazazi, naomba mtusaidie kwa kutotuuliza kila siku. Tunajua mnauliza kwa mapenzi. Lakini swali la "bado tu?" ndilo lililonisukuma kwenye ile meza. Mpaka wa China ulipofungwa Machi 2020, wanafunzi wengi walikaa makwao wakisoma kwa intaneti hadi Agosti 2022, maombi ya X1 yalipoanza kupokelewa tena. Zaidi ya miaka miwili! Wako waliosubiri, wakarudi, wakamaliza. Miezi miwili au mitatu ya kuchelewa siyo nafasi kupotea.

Kama umeshatuma pesa, usione aibu ukanyamaza. Piga simu mtandao wako mara moja, maana pesa ambayo haijatolewa huweza kuzuiliwa. Usifute ujumbe wowote wa muamala wala mazungumzo. Namba ya tapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Halafu nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ujumbe wa simu ni ushahidi.

Mimi nilipokataa kulipa ile 400,000 aliniambia pasipoti iko Dar na bila pesa hairudi. Tulifungua shauri, mjomba akarudi pale stesheneri akiwa na askari. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya meza ile ile, haijawahi kutoka Kigoma. Ilifungwa kwa mpira pamoja na nyingine sita. Pesa bado hatujapata.

Fomu yangu ya JW202 imeshatoka pamoja na barua ya kuruhusiwa kuchelewa, na wiki ijayo napanda treni kwenda kuomba viza mwenyewe. Zile pasipoti sita ziko kituo cha polisi. Mbili niliziona majina kabla askari hajazichukua, ni za vijana wa umri wangu, na nadhani wenyewe bado wanaamini ziko ubalozini. Kama uliwahi kuacha pasipoti kwenye stesheneri hapa Mwanga, kwa mtu anayekuita dokta au injinia na kukwambia mzigo uko ndani, nenda kituoni na kitambulisho chako cha NIDA na ujumbe wako wa muamala. Tumeshajitokeza watatu.